Johannes Rebmann wa Rabai, Rafiki Aliyekuwa Kimya

Ndugu wasomaji, afapo mtu aliyekuwa na maneno mengi, matanga yake hayakosi habari. Huyu atasimulia alivyosema barazani, yule atasimulia alivyoshindana na jumbe, na wa tatu atakumbuka kicheko chake. Hata siku ya kuondoa matanga watu bado wana la kuongeza. Lakini afapo mtu mkimya, watu hukaa mkekani wakatazamana. Wote wajua ya kuwa alikuwa mtu mwema, walakini akiulizwa mmoja wao, "Alitenda nini?" hujibu, "Alikuwapo." Na baada ya mwaka mmoja au miwili hata neno hilo la "alikuwapo" hulisikii tena.

Jambo hili latokea hata katika vitabu vya historia. Vitabu hupenda watu wa safari na watu wa vita, kwa kuwa safari ina mwanzo na mwisho, na vita vina mshindi na mshindwa. Mtu aliyekaa mahali pamoja miaka mingi, akitenda kazi ile ile kila siku, hana pa kushikwa na msimulizi. Basi tumeona vema kuandika habari za mtu mmoja wa namna hiyo, Johannes Rebmann, aliyekuwa mtu wa Rabai tangu mwaka wa 1846 mpaka 1875. Pamoja na habari za rafiki yake Ludwig Krapf, aliyebaki nyuma yake akamtendea jambo moja la urafiki baada ya kufa kwake. Jina la Krapf wengi wetu twalijua tangu shuleni. Rebmann twamjua kwa siku moja tu ya maisha yake, ile siku alipoona theluji ya Kilimanjaro. Siku zilizosalia, siku za miaka ishirini na tisa, ndizo tutakazo kuzitazama.

Tuanze na Krapf, kwa maana ndiye aliyetangulia. Alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, katika nchi ya Württemberg ambayo leo ni sehemu ya Ujerumani. Mwaka wa 1837 alifika Uhabeshi kwa kazi ya chama cha Kiingereza kiitwacho Church Missionary Society, yaani C.M.S. Alipofungiwa njia huko aligeukia pwani yetu. Mwanzo wa mwaka wa 1844 akafika Unguja, akapewa barua na Sayyid Said ili apokewe vema na maliwali, kisha akaenda kukaa Mombasa. Mwezi wa Julai mwaka uo huo mkewe, Rosine, alikufa kwa homa, na mtoto wao mchanga wa kike akamfuata. Wakazikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Mtu mwingine angalirudi kwao. Krapf alikaa, akazidi kujifunza Kiswahili, akaanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo.

Alikuwa mtu wa fikira ziendazo mbali. Kabla hajawa na mwenzake hata mmoja alikuwa amekwisha kuona moyoni mwake mlolongo wa vituo vya misheni toka bahari ya mashariki hata bahari ya magharibi, ukilipita bara zima kama ushanga katika uzi. Aliandika sana, alisafiri sana, na kila mahali alipofika alitazama mbele ya pale.

Mwenzake alifika mwezi wa Juni 1846. Johannes Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika mji mdogo wa Gerlingen, katika nchi iyo hiyo ya Württemberg. Akasoma katika chuo cha misheni cha Basel, katika Uswisi. Hivyo Krapf alimzidi miaka kumi, na kwa desturi zetu tungesema alikuwa kama kaka yake. Kwa tabia walikuwa mbalimbali. Krapf alikuwa kama upepo wa kusi, Rebmann kama mwamba wa ufuoni. Hakuwa mtu wa kujitangaza. Katika maisha yake yote hakutoa kitabu cha safari zake. Habari zake za kila siku za njia ya Uchaga zilipigwa chapa katika gazeti la C.M.S., na baadaye Krapf ndiye aliyezitia katika kitabu chake mwenyewe cha safari, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka wa 1858. Yaani hata alipokuwa hai, huyu mkimya alisemewa na rafiki yake.

Tarehe 25 Agosti 1846 wote wawili walihamia Rabai Mpia, mahali pa Warabai, juu ya vilima nyuma ya Mombasa. Warabai ni mmoja wa miji tisa ya Wamijikenda, ambao siku zile waliitwa Wanyika. Wazee wao walikuwa wamekwisha kutoa ruhusa wageni wale wakae. Siku ya kuhama wote wawili walikuwa wagonjwa wa homa, na njia ya kupanda ni ndefu. Lakini hawakutaka kungoja siku nyingine, wakaenda hivyo hivyo kwa kujikongoja. Urafiki wao ulianzia hapo, katika homa moja na kilima kimoja.

Sasa tuseme habari za zile safari, kwa kifupi, maana ndizo zijulikanazo. Mwezi wa Oktoba 1847 Rebmann alikwenda Kasigau, katika nchi ya Wataita. Mwaka uliofuata, tarehe 27 Aprili 1848, aliondoka tena kwenda Uchaga, akiongozwa na Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyeizoea njia ile. Yeye mwenyewe hakushika silaha, ila mwavuli. Tarehe 11 Mei, alipokuwa akiitazama milima ya Uchaga kwa mbali, aliona juu ya mmoja kitu cheupe kama wingu. Akamwuliza kiongozi wake ni nini kile. Bwana Kheri hakuwa na jina la kitu kile, akajibu kwa neno moja: baridi. Rebmann akafahamu mara, maana kwao theluji huanguka kila mwaka. Siku ile alisoma Zaburi ya 111, isemayo habari za matendo makuu ya Bwana, akaendelea na njia yake hata Kilema, kwa Mangi Masaki.

Wachaga wenyewe walikuwa na jina la weupe ule; waliuita kibo. Tena walikuwa na habari ya watu waliotumwa zamani kupanda juu, ili watazame kama kitu kile ni fedha. Nao hawakurudi, ila mmoja, ambaye mikono na miguu yake ilikuwa imeharibiwa na baridi. Kwa hiyo haifai kusema ya kuwa Rebmann aliuvumbua mlima. Wenyewe walikuwa wakikaa miguuni pake tangu kale, wakinywa maji yake. Sifa ya Rebmann ni nyingine: aliuliza, akasikiliza jibu la kila mtu, akaandika alichoambiwa na alichokiona, bila kuongeza chumvi.

Habari ile ilipigwa chapa London mwaka wa 1849. Wengine wakafurahi, wengine wakacheka. Palikuwa na mtaalamu mmoja wa jiografia, William Desborough Cooley, ambaye hakupata kukanyaga Afrika, lakini alijua mengi kwa kusoma vitabu. Yeye alishupaa kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta, na kwamba mmisionari yule ameona vibaya. Tarehe 3 Desemba 1849 Krapf naye, akiwa Kitui katika nchi ya Wakamba, aliuona mlima Kenya na weupe wake; wasioamini hawakuamini vilevile. Rebmann hakufunga safari kwenda Ulaya kujitetea. Mlima ulikuwa pale pale, nao haukuwa na haraka. Mwaka wa 1861, na tena 1862, Baron Karl Klaus von der Decken aliupanda hata kupita mita 4,000, akashuhudia ya kuwa theluji ni theluji. Na mwaka wa 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni. Wakati huo Rebmann alikuwa kaburini miaka kumi na mitatu.

Safari yake ya mwisho ya Uchaga, mwaka wa 1849, ilimwumiza. Alikuwa na nia ya kupita mpaka Unyamwezi, na mizigo ya safari nzima alikuwa nayo. Alipofika Machame, Mangi Mamkinga alimtaka kitu hiki leo na kitu kile kesho, hata mali yote ikaisha, ikambidi kurudi pwani mikono mitupu, tena mgonjwa. Hakufika Unyamwezi kamwe. Tangu hapo hakufanya tena safari kubwa ya bara, akakaa Rabai.

Hapo ndipo njia za marafiki hawa wawili zilipoanza kuachana. Krapf aliendelea kuona ule mlolongo wake wa vituo. Rebmann akawa na mawazo mengine: kwamba afadhali kukaa na watu wachache mpaka uwajue, kuliko kupita kwa watu wengi usiowajua. Hawakupatana katika jambo hili, nao walikuwa watu wa kweli, hawakufichana. Tusidhani ya kuwa marafiki ni watu wenye shauri moja siku zote. Twawajua marafiki wengi waliokaa pamoja miaka arobaini, na kila jioni wakibishana. Mwaka wa 1853 Krapf alirudi Ulaya kwa ajili ya afya yake kuharibika. Alikuja tena kwa muda mfupi miaka ya 1861 na 1862, akiwasaidia Wamethodisti kuanza kazi yao ya Ribe. Lakini hakukaa tena na mwenzake.

Rebmann alibaki. Mwenzao wa tatu, Jakob Erhardt, aliyefika mwaka wa 1849, naye akaondoka mwaka wa 1855. Kabla ya kuachana, Erhardt na Rebmann walikuwa wamekusanya habari kwa wafanya biashara wa pwani na kwa watu wa bara juu ya nchi za ndani, na kutoka kwa habari hizo ikachorwa ramani yenye ziwa moja kubwa mno katikati ya bara. Ramani ile ilikosea, kwa kuwa maziwa matatu, Nyasa, Tanganyika na Nyanza, yaliunganishwa kuwa moja. Lakini ilipoonekana London, watu walitaka kujua ukweli wake, nayo ikawa sababu mojawapo ya kutumwa Richard Burton na John Speke. Mwezi wa Januari 1857 hao wawili walifika Rabai kumtazama Rebmann, kukawa na shauri afuatane nao katika safari. Hakwenda. Wao wakaenda, wakapata jina. Yeye akarudi mezani kwake.

Na mezani kwake palikuwa na nini? Palikuwa na maneno. Ndugu msomaji, pengine wewe huoni uzito wa kazi hii, kwa kuwa ulipoingia shule ulikuta vitabu viko tayari. Fikiri mtu anayetaka kuandika maneno yote ya lugha ambayo haijapata kuandikwa na mtu awaye yote. Hana kitabu cha kutazama, ana mtu tu. Huuliza jina la kitu hiki na kile. Hayo ni rahisi. Kisha huuliza maneno ya mambo yasiyoonekana kwa macho: aibu, tumaini, kinyongo, msamaha. Hapo jibu la leo na jibu la kesho huwa mbali mbali, na kila moja ni la kweli kwa mahali pake. Basi huandika, hufuta, huuliza tena, hungoja asikie neno lile lile likitamkwa na watu wawili wakiongea bila kumwangalia yeye. Kazi kama hii haina siku ya karamu. Aliyeifanya kutwa nzima, jioni akiulizwa amefanya nini, huweza kusema, "Nimepata maneno manne."

Rebmann aliifanya kazi hii kwa lugha tatu: Kiswahili, Kinyika cha Rabai, na Kinyasa, yaani ile lugha iitwayo leo Kinyanja au Kichewa. Watu humwuliza mtu, aliipataje lugha ya ziwa Nyasa naye amekaa Rabai? Aliipata kwa mtu mmoja aliyeitwa Salimini. Huyu alitoka nchi za karibu na ziwa lile, akauzwa, akaletwa pwani katika utumwa. Miaka ya 1850 alikaa na Rebmann, akimfundisha lugha ya kwao, neno kwa neno. Twaomba msomaji asilipite jina hili upesi. Salimini alinyang'anywa nchi yake na jamaa zake. Kitu walichoshindwa kumnyang'anya ni maneno aliyofundishwa na mama yake, na hayo ndiyo aliyoyatoa, yakaandikwa. Vitabu vyasema kamusi ile ni ya Rebmann. Ni kweli, lakini mdomo ulikuwa wa Salimini.

Nyumbani kwake mambo hayakuwa mepesi. Mwaka wa 1851 alikwenda Misri, akamwoa Emma, mwanamke Mwingereza, wakarudi pamoja Rabai. Walipata mtoto, naye akafa mchanga. Mwaka wa 1866 Emma naye akafa. Tangu siku hiyo Rebmann alikaa miaka tisa peke yake, na katika miaka hiyo macho yake yakaanza kuingia giza.

Tumekwisha kusema mema yake. Haki yataka tuseme na upungufu wake, maana kumpamba maiti kwa sifa zisizo zake si kumkumbuka. Watu waliobatizwa Rabai katika miaka ile yote walikuwa wachache sana. Wa kwanza alikuwa Mringe, kiwete, aliyepata ubatizo akiwa karibu na kufa. Wakubwa wa kazi Ulaya walisikitika, na wageni waliopita walisema kituo kimelala. Tena ule ukimya wa Rebmann ulikuwa na hasara yake: alipenda kuyasahihisha maandiko yake daima, hata mengi yakakaa sandukuni, hayakupigwa chapa. Maneno yaliyo sandukuni hayamfai mtoto wa shule. Mwaka wa 1873 Sir Bartle Frere, aliyekuwa ametumwa Unguja kwa habari ya kukomesha biashara ya watumwa, alifika Rabai, akamkuta mzee karibu kipofu, mwenye miaka hamsini na mitatu tu, akiwa bado katika kazi yake.

Walakini tusiseme hakuwa na watu. Tangu mwaka wa 1864 walikuwako pamoja naye Waafrika waliokombolewa utumwani na kufundishwa Bara Hindi, miongoni mwao William Jones na George David, ambao baadaye walifanya kazi kubwa katika kanisa la pwani. Tena walikuwako wale wachache wa hapo hapo. Mmoja wao alikuwa na mwana aitwaye Isaac Nyondo.

Mwisho wa mwaka wa 1874 C.M.S. walimleta W. S. Price na wenzake kuanzisha mji wa watumwa walioachwa huru, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Mji ule ndio Freretown. Watu wapya walikuja na nguvu mpya, na mambo ya Rabai yakaanza kugeuka. Mwaka wa 1875 Rebmann, asiyeona tena, alikubali kurudi Ulaya. Na aliyemshika mkono safari yote, melini na mijini, alikuwa Isaac Nyondo.

Hapa na tusimame kidogo. Rebmann alikuja kwetu kijana wa miaka ishirini na sita, akiwa na macho yake mawili na nia ya kuwaonyesha watu njia. Baada ya miaka ishirini na tisa, ambayo katika hiyo hakurudi kwao Ulaya hata mara moja, alirudi akionyeshwa njia na kijana wa Rabai. Wale waliohesabu waliobatizwa wakaona kazi imekuwa haba, je, waliuhesabu na mkono ule? Mtu hamwachi baba yake na mama yake, akavuka bahari kwenda nchi ya baridi asiyoijua, ili amwongoze mgeni asiyempenda. Nyondo hakuandika sababu zake mlangoni. Alimshika mzee mkono, akaenda naye.

Rebmann alikwenda kukaa Korntal, mji mdogo katika Württemberg. Nani alikuwa akikaa huko? Alikuwa Krapf. Basi wale wawili waliopanda kilima cha Rabai na homa mwaka wa 1846 walikutana tena katika uzee. Mmoja amechoka mwili, mmoja amepotewa na macho. Wale waliotofautiana juu ya njia ya kazi walikuwa sasa majirani. Mwaka wa 1876 Rebmann alioa mara ya pili, mjane aliyekubali kumtunza. Lakini tarehe 4 Oktoba mwaka uo huo ugonjwa wa mapafu ulimchukua. Alikuwa na miaka hamsini na sita. Akazikwa Korntal, na Nyondo akarudi kwao.

Sasa twafika kwenye lile jambo ambalo kwa ajili yake tumeandika makala hii. Rafiki akifa, wengi wetu twajua la kufanya siku ile: twalia, twachimba, twaimba, twasema maneno mazuri. Siku ya pili yake ndiyo hatujui. Krapf alikuwa na miaka sitini na sita, naye alikuwa na kamusi yake kubwa ya Kiswahili ambayo alikuwa ameihangaikia tangu Mombasa, bado haijapigwa chapa. Mtu wa umri ule angaliweza kusema, "Siku zangu zimebaki chache, nimalize kwanza la kwangu." Hakufanya hivyo. Alizishika karatasi za rafiki yake, zile za Kinyasa, akazipanga na kuzisimamia hata zikapigwa chapa, na mwaka wa 1877, mwaka mmoja baada ya mazishi, kamusi ya Kinyasa ikatoka, ina jina la Rebmann mbele.

Mtazame vizuri mtu huyu. Lugha ile haikuwa lugha ya kazi yake. Kilikuwa ni kituo kile kile cha Rabai, na ule mtindo wa kukaa mahali pamoja ambao yeye Krapf hakuupenda, uliozaa kamusi ile. Angaliweza kutumia siku za uzee wake kuonyesha ya kuwa shauri lake lilikuwa jema kuliko la mwenzake. Badala yake aliyachukua matunda ya shauri la mwenzake akayaleta sokoni, ili watu wale. Hii ndiyo matanga ya kweli kwa rafiki mkimya: kuitafuta kazi aliyoiacha nusu, ukaimaliza, ukaandika jina lake juu yake.

Tena tazama ilivyotukia. Mwaka wa 1875 wamisionari wa Kiskoti walikuwa wamefika ziwa Nyasa, wakaanza kazi yao ya Livingstonia. Na mwaka wa 1876 wengine wakaanza Blantyre. Yaani lugha ile, ambayo Rebmann na Salimini waliiandika mbali sana na ziwa, bila kujua nani ataitumia, ilipata kitabu wakati ule ule ambapo watu wa kukihitaji walikuwa wameanza kufika. Baadaye kamusi nyingine za Kinyanja zilitungwa, zilizo kubwa na sahihi zaidi. Lakini hata leo wataalamu wa Kichewa huirudia ile ya kwanza, wapate kujua maneno yalivyotamkwa zaidi ya miaka mia na sabini iliyopita; na mtunga kamusi mmoja wa Kichewa wa siku zetu, Steven Paas, ndiye aliyekaa akaandika kitabu kizima cha maisha ya Rebmann. Alimfikia kwa njia ya maneno, jinsi Rebmann mwenyewe angalivyopenda kufikiwa.

Krapf mwenyewe alikufa mwezi wa Novemba 1881. Alikutwa asubuhi amepiga magoti kando ya kitanda chake, amekufa akiomba. Kamusi yake ya Kiswahili ilipigwa chapa London mwaka wa 1882, naye hakuiona. Aliyemtengenezea rafiki yake kitabu baada ya kufa, naye akatengenezewa na wengine. Na mwaka wa 1887 kamusi ya Kinyika, iliyo na kazi ya Krapf na Rebmann wote wawili, ilitolewa chini ya mkono wa T. H. Sparshott. Majina yao mawili yakawa tena katika jalada moja.

Leo mtu akienda Rabai ataona makumbusho yenye jina la Krapf, na watoto wa shule hupelekwa kutazama. Ni haki yake. Lakini msomaji atakayefika huko na aulize pia habari za Rebmann, na za Nyondo, na za Salimini ambaye hatujui kaburi lake. Akitazama Kilimanjaro, na akumbuke ya kuwa jina la Kibo liliandikwa kwanza na mtu aliyekuwa tayari kuuliza wenyeji wanakiitaje kitu chao.

Wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Sisi tufundishao shuleni twaliandika neno hili ubaoni mara nyingi, na watoto hulinakili kwa herufi nzuri. Lakini watu hudhani ni onyo tu, kwamba mtu mkimya huficha jambo baya. Habari za Rebmann zatuonyesha maana nyingine. Mshindo wa mkimya huja nyuma yake, tena hauji wenyewe. Hutaka rafiki wa kuupiga.

Kwa hiyo, ndugu, katika kila kijiji chetu yuko mtu wa namna hii. Pengine ni mzee apigaye kengele ya kanisa kabla ya mapambazuko, au mama aliyewafundisha wasichana kusoma jikoni kwake, au mwalimu aliyekaa katika shule moja ya porini hata mvi zikamtoka, asipate cheo. Siku atakapokufa, msitosheke na kusema, "Alikuwapo." Fungueni sanduku lake. Kama pana daftari ya nyimbo alizozikusanya, zinakilini. Kama pana shamba la shule alilolianza, lilimeni. Kama pana mtoto aliyekuwa akimfundisha kusoma, asiachwe katikati ya kitabu. Tena ulizeni ni nani aliyemshika mkono katika siku zake za mwisho, mkaandike na jina lake.